Chuoni na Chuo Kikuu

Sisi tuliokulia Mji Mkongwe tulianza chuoni, juu ya mkeka, juzuu mapajani, kabla hatujaijua skuli. Kwa hiyo twashangaa kijana anapochekwa kwa kwenda chuo kikuu kusomea ualimu wa watoto wadogo. Ati kuimba na watoto kwataka shahada?

Kwataka. Mpango wa Madrasa ulipoingia Unguja mwaka 1990, watoto walihesabu kwa vifuu na simbi za pwani. Kumbe kuchagua mchezo ufundishao ni elimu nzito. Sera ya mwaka 2006 ikayatia maandalizi katika elimu ya lazima. Mwenye ujuzi huo hufundisha, hukagua skuli, huwafunza walimu wenziwe. Lakini akipeleka posa, wazee huuliza: “Kazi hasa afanya gani?”