Kuyapima Mashapo ya Bahari Kuu

Kazi niliyoishika sehemu kubwa ya umri wangu, yaani kusoma mwangwi wa bahari na kuchora ramani ya unene wa mashapo yaliyolala juu ya mwamba wa chini, niliianza mwishoni mwa miaka ya 1960, zama ambazo marikebu za utafiti zilikuwa zikiivuka Bahari ya Hindi kusi na kaskazi. Nyuma ya tezi tulikokota mrija mrefu uliojaa mafuta na haidrofoni, yaani vinasa-sauti vya majini, na kila baada ya sekunde chache hewa iliyoshindiliwa ikafyatuliwa majini. Chumbani sindano ikapita juu ya karatasi ikiiunguza, na harufu ya moshi wake sijapata kuisahau. Mstari mzito wa kwanza ulikuwa sakafu ya bahari. Chini yake yakafuata matabaka, laini mithili ya mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Na chini kabisa mwamba wenyewe, uliojaa vilima na mapinde.

Bali karatasi ile haikutoa mita, ilitoa wakati. Sauti hupita majini kwa kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, na katika tope laini kasi yake hukaribia hiyo hiyo, ilhali katika mashapo yaliyogandamizwa na uzito wa yaliyo juu yake huweza kufika mita 2,000 na zaidi. Basi sekunde moja baina ya sakafu na mwamba, kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi, ni mita 1,000 kwa kasi hiyo. Ramani isiyotaja kasi iliyotumiwa sikuiamini, wala siiamini hata leo.

Tulipopita juu ya mgongo wa Carlsberg, safu ya milima iliyo chini ya Bahari ya Hindi, ambao vipimo vyake vya sumaku vya mwaka 1962 viliwapa wanajiolojia Vine na Matthews hoja yao mashuhuri ya kutanuka kwa sakafu ya bahari, mwamba ulikuwa takriban mtupu. Kadiri tulivyoelekea pwani ya Afrika mashapo yakanenepa, kwani sakafu ya huku ni kongwe, nayo mito kama Tana na Rufiji huteremsha udongo wake. Ilhali mbali na nchi kavu, udongo mwekundu wa vilindini hujilimbikiza kiasi cha milimita moja tu kwa miaka elfu. Huo ndio wakati wa pili niliousoma, na ndio ulionifungamanisha na kazi hii.

Ghuba ya Bengal, ambako Ganges na Brahmaputra zimemwaga udongo wa Himalaya hata unene wa mashapo ukapita kilomita 16, ilitushinda kwa vyombo vya siku zile. Mkuu wangu mmoja alitaka niubuni mstari wa mwamba ili ramani ikamilike. Nilikataa kwa adabu, nikapaacha peupe, na pembeni nikaandika ni sekunde ngapi mwangwi wetu ulikuwa umeshuka.