Vitu Visivyotupika

Baba yetu alipofariki, mashamba tuliyagawana kwa siku moja. Viatu vyake vilivyotoboka tumeshindwa kuvitupa hadi leo. Basi tusiwacheke wanaorundika vitu majumbani. Mwaka 1947, mjini New York, ndugu wawili, Homer na Langley Collyer, walikutwa wamekufa ndani ya nyumba iliyosheheni magazeti, vitabu na vinanda, zaidi ya tani 100. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliitambua hali hiyo kuwa ugonjwa unaojitegemea. Mgonjwa hasumbuliwi na uroho: kila kitu kwake kimebeba kumbukumbu, au hofu ya kesho. Ukimchomea rundo lake, hujamponya. Umemtia msiba mwingine. Tuanze kwa kumwuliza: hiki kinakukumbusha nani?