Kupima Muda kwa Rula

Wahenga walinena, penye nia pana njia. Nilipochagua Fizikia rafiki zangu walinicheka, ati hilo ni somo la shule zenye vifaa ghali. Sisi darasa zima twagombania saa moja ya kupimia mbio!

Hebu sikizeni. Sekunde moja ukiigawa vipande milioni moja, kisha kila kipande ukigawe tena mara bilioni moja, unapata femtosekunde. Hakuna saa iwezayo kupima hapo. Basi wataalamu hufanyaje?

Huchukua mmweko wa leza na kuugawa mara mbili. Wa kwanza hupiga kitu, tuseme utando mwembamba wa dhahabu, na kukishtua. Wa pili, ulio hafifu, hufuata kuonyesha mwanga unarudishwa kiasi gani sasa. Ili uchelewe, huzungushwa njia ndefu zaidi kwa vioo. Kioo kikisogezwa nyuma milimita 0.15, safari yake huongezeka milimita 0.3, nao huchelewa femtosekunde 1,000. Hurudia hivyo, kioo kikisogea kidogo kidogo, hadi badiliko lote lijulikane.

Kwa mbinu hiyo Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri aliyefanya kazi Marekani, alifuatilia molekuli zikivunjika, akatunukiwa Nobel ya Kemia mwaka wa 1999.

Wenzangu, leza hatuna. Lakini umbali gawanya kwa kasi tunaijua tangu shule ya msingi, na ndiyo hesabu yao hasa. Fizikia siiachi ng'o!