Kamba ya maua iliyopumzisha masikio ya mama

Jioni moja ya Aprili 2020 huko Mwimbi, wilayani Kalambo, binti wa miaka 13 alimwamkia mama yake akiwa amesimama mlangoni. "Shikamoo mama." Mama akaitikia, "Marahaba mwanangu," lakini hakusogea. Alivua viatu, akanawa kwa sabuni kwenye ndoo ya koki pale uani, akaenda kuoga na kubadili nguo.

Mama huyo ni muuguzi. Mgonjwa wa kwanza wa corona nchini alitangazwa Machi 16, kesho yake shule zikafungwa, na tangu hapo kila jioni nyumbani ilianza kwa maneno yaleyale: "Usinisogelee kwanza." Hata baada ya kuoga alikaa kiti cha peke yake. Alihofia kumletea binti ugonjwa, na zaidi alimhofia bibi, mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao.

Siku hiyo alipovua barakoa alikunja uso. Nyuma ya masikio yote mawili ngozi ilikuwa imechubuka. Barakoa ikivaliwa kutwa nzima, mpira wake hukandamiza sehemu ileile, na kila mtu anapogeuza shingo au kuongea unasugua. Alipaka mafuta ya mgando, lakini asubuhi mpira ulirudi palepale penye kidonda. Akiwa kazini alianza kuilegeza kwa vidole, huku akijua kwamba mkono haupaswi kugusa uso na kwamba barakoa iliyolegea huacha nafasi mashavuni.

Binti aliona. Siku zile alikuwa akijifunza kufuma kwa bibi, ambaye vitambaa vyake vya maua vilifunika viti vyote vya sebuleni. Mama hakupendezwa. Ulikuwa mwaka wa mtihani wa darasa la saba, na kila alipomkuta na uzi alimuuliza, "Hivi huo uzi ndio utakufaulisha?"

Kisha picha ikazunguka kwenye simu: wauguzi wa nje wamepachika mipira ya barakoa kwenye vifungo nyuma ya kichwa, badala ya masikioni. Huko Kanada skauti mmoja wa miaka 12 alikuwa amepata sifa kwa kutengeneza vishikizo vya plastiki kwa mashine, kisha akagawa mchoro wake bure. Mwimbi mashine hiyo haikuwepo. Nyumbani kwao kulikuwa na sindano ya kufumia, yenye ncha ya ndoano, na kopo la bibi la vifungo vya makoti ya zamani.

Kamba ya kwanza binti aliifuma kwa siri, kwa uzi wa sweta. Ilikuwa fupi, ikavuta barakoa hadi ikambana mama pua. Tena ilipolowekwa kwenye maji ya moto ililegea na kupoteza umbo, na kitu cha kuvaliwa mbele ya wagonjwa lazima kifuliwe kila siku. Mama alicheka, akairudisha.

"Hukumpima," bibi alimwambia mjukuu wake. "Hata sweta huwezi kufuma bila kumpima mwenye mwili."

Basi mama akaoga, akavaa barakoa safi, akaketi kwenye mkeka. Binti akapiga magoti nyuma yake, akashika nywele zake, akapima kwa uzi kutoka mpira mmoja hadi mwingine. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa mama yake baada ya wiki kadhaa. Alipima mara tatu. Mama hakumharakisha.

Kamba ya pili ilifumwa kwa uzi wa pamba wa vitambaa, ambao unastahimili maji ya moto. Upana wake ulikuwa vidole viwili, na kati ya kifungo na kifungo palikuwa na kama sentimita 12. Vifungo vilishonwa kwa nguvu, kila upande kimoja, mpira ukapachikwa hapo na masikio yakabaki huru. Katikati binti aliweka ua jekundu, kama yale ya kwenye viti vya bibi.

"Ua la nini, na liko kisogoni?" mama aliuliza.

"Nyote mmefunika nyuso. Watoto watakujua kwa ua."

Na ndivyo ilivyokuwa. Watoto waliobebwa mgongoni kwenye foleni walinyoosha vidole kulifuata lile ua. Wauguzi wenzake wakataka za kwao, na binti akafuma nyingine, kila moja na ua la rangi yake. Vidonda vya mama vikakauka. Swali la uzi na mtihani halikuulizwa tena, ila wakakubaliana: hesabu asubuhi, kufuma mchana.

Shule za msingi zilifunguliwa Juni 29, katika baridi kali ya Ufipa. Jioni ya kuamkia siku hiyo, baada ya binti kupanga madaftari yake, mama alitandika mkeka na kuketi akimpa mgongo.

"Njoo unipime tena," alisema.

Kipimo binti alikuwa amekishika kichwani. Hata hivyo alichukua uzi, akapiga magoti, akaanza kupima.