Jina la Kitu na Bei Yake: Tajriba ya Kubadilisha Kichakataji

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii yatuhusu pia sisi wanaisimu, kwani jina lisilolenga kitu chake laweza kumgharimu mtu fedha asizokuwa nazo. Katika makala haya mafupi, nakusudia kulithibitisha dai hilo kwa tajriba yangu ya kubadilisha kichakataji cha tarakilishi kuukuu ninayoitumia katika chumba cha kupanga mtaani Obunga, jijini Kisumu.

Tasnifu yangu ya uzamili yachunguza utambaji wa ngano. Data yake ni video za watambaji, nazo sharti zipunguzwe ukubwa kabla ya kuhifadhiwa. Tarakilishi yangu, iliyokuwa na kichakataji cha Pentium G2020 chenye viini 2, ilichukua karibu saa tatu kuishughulikia video ya saa moja. Muda wa kuwasilisha rasimu ulikuwa ukiyoyoma, na baada ya karo na kodi nilisalia na shilingi 3,000 pekee.

Katika duka la kwanza, nilieleza kwamba nataka kubadilisha sipiyu. Muuzaji akanitajia shilingi 16,000. Ndugu msomaji, huyo hakuwa mlaghai. Kwa Wakenya wengi, sipiyu ni kasha zima linalosimama kando ya skrini, ilhali kwa wahandisi ni kipande kidogo ndani ya kasha hilo, kinachotekeleza amri na kufanya hesabu. Neno ni moja, dhana ni mbili.

Fundi mmoja mjini ndiye aliyelitegua fumbo. "Omera," aliniuliza, "unataka sipiyu nzima ama ni prosesa peke yake?" Kabla ya kuniuzia chochote, alitaka tuhakikishe chanzo cha tatizo. Video ilipokuwa ikipunguzwa, kichakataji kilitumika kwa asilimia 100 huku nusu ya kumbukumbu ikiwa tupu. Lau kumbukumbu ndiyo ingekuwa imejaa, fedha zangu zingefaa kununulia ramu. Kisha akaichunguza soketi, kwa kuwa soketi ya 1155 haipokei kichakataji cha soketi nyingine, kiwe kizuri vipi. Aliniuzia Core i5-3470 iliyokwisha kutumika, ya mwaka 2012 na yenye viini 4, kwa shilingi 2,000. Kwa vile ni ya kizazi kimoja na ile ya awali, madabodi iliitambua mara moja. Alifuta dawa iliyokauka, akapaka mpya ya kupitisha joto, akaisafisha feni, maana kichakataji hiki hukadiriwa kutoa joto la wati 77 badala ya 55.

Video ile ile sasa humalizika kwa takriban nusu ya muda wa awali. Hata hivyo, kichakataji hakiponyi kila ugonjwa. Vya kizazi hiki havimo katika orodha ya Windows 11, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo nimehamia Linux, isiyodai malipo.

Je, wanakiswahili tujifunze nini? Neno kichakataji halifai kuwa geni Obunga. Viwanda vya kuchakata samaki vilipochukua minofu ya mbuta kwa soko la ng'ambo, akina mama wa mtaa huu walinunua mifupa iliyosalia, wakaikaanga na kuiuza kwa jina la mgongo wazi. Waliokishika kitu ndio waliokipa jina, na anayeitisha mgongo wazi hauziwi samaki mzima.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kwayo majina ya mambo tuyaonayo kwenye skrini. Yaliyo ndani ya kasha bado yanatungoja. Nawasihi wenzangu tuketi na mafundi wakiwa na bisibisi mkononi, tuwapelekee istilahi zetu na tuzisikilize zao. Wakipendelea prosesa kuliko kichakataji, tusinune. Wao wamekwisha kuzitenganisha dhana mbili ambazo sisi tumeziacha zikichanganyika, na mwenye shilingi 3,000 anauhitaji mno utengano huo.