Maulidi ya Lamu: Kisa Kisichochakaa

Msafiri aendaye Lamu huacha gari Mokowe akapanda mashua, na baada ya muda mfupi huyaona majumba ya mawe yamejipanga ufuoni. Njia za mji ni nyembamba mno, na mizigo mingi huchukuliwa na punda. Lakini afikaye katika Mfungo Sita huona jambo kubwa kuliko majumba. Wenyeji na wageni kutoka miji mingi ya pwani na visiwani hukusanyika mtaa wa Langoni, katika Msikiti wa Riyadha, kusoma Maulidi, yaani habari za kuzaliwa kwake Mtume Muhammad.

Kisa hicho kila mmoja wao anakijua. Kwa nini basi mtu asafiri mbali kusikiliza habari aliyoisikia tangu utotoni? Sababu ni kwamba Maulidi hayasomwi na mtu mmoja, wengine wakanyamaza. Wasomaji hupokezana milango, na baina ya mlango na mlango umati huitikia kasida. Vijana hupiga matari, huku safu zao zikiyumba pamoja. Ifikapo habari ya kuzaliwa kwenyewe, wote husimama. Maneno ni ya Kiarabu, na wengi waliopo hawakisemi. Walakini hata mtoto mdogo ajua wakati wa kusimama.

Mambo hayakuwa mepesi hapo mwanzo. Habib Swaleh, sharifu mzaliwa wa Ngazija, alihamia Lamu katika karne ya 19. Zamani zile elimu ya dini ilikuwa zaidi mikononi mwa nyumba za wakubwa, na utumwa ulikuwa haujakomeshwa. Sheria ya kuuondoa katika pwani ya Kenya ilitoka mwaka 1907. Yeye aliwafundisha maskini na watumwa, akawatibu wagonjwa, akaeneza Maulidi yaliyotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiwun, Hadhramaut, yasomwayo kwa matari. Baadhi ya wakubwa walichukia. Matari msikitini! Na mtumwa kukaa bega kwa bega na mwungwana! Hata hivyo watu walizidi kumfuata. Alipofariki mwaka 1935, Riyadha ilikuwa imekwisha kuwa chuo mashuhuri, na hata leo watu hulizuru kaburi lake siku za Maulidi.

Ndugu msomaji, uwe wa dini yo yote, hapa pana fundisho. Kisa kilichofungiwa nyumbani mwa wachache huzikwa pamoja nao. Bali kisa ambacho mwanachuoni ana mlango wake wa kusoma, mchukuzi ana tari lake, na mtoto ana zamu yake ya kusimama, hicho hakichakai. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa; wala ulimi mmoja hautunzi habari za watu wote.