Bingwa Aliyewafuata Wakimbizi



Mtume Paulo alipowaandikia Wakristo wa Korinto, aliwapa mfano wa wakimbiaji wa uwanjani, maana michezo mikubwa ilifanyika karibu na mji wao na kila mtu aliijua. Nasi tumelifundisha somo hilo miaka mingi katika katekesi, na kila mara tulikazia mambo mawili: kujinyima na kuipata tuzo. Maisha ya mwanamke mmoja wa Kenya yametufanya tulisome upya.

Mwanamke huyo ni Tegla Loroupe, aliyezaliwa mwaka 1973 katika nchi ya Wapokot, katika jamaa yenye watoto wengi. Alipokuwa mtoto alikwenda shuleni mbio, kilometa 10 hivi, bila viatu. Mwaka 1994 alishinda marathoni ya New York, mwanamke wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo, na mwaka uliofuata akaishinda tena. Mwaka 1998 alivunja rekodi ya dunia ya wanawake huko Rotterdam. Mwaka 1999, huko Berlin, akaipunguza hadi saa 2, dakika 20 na sekunde 43. Lakini alionja pia kushindwa. Katika Olimpiki ya Sydney, mwaka 2000, wengi walimtazamia ushindi. Akaugua usiku wa kuamkia marathoni, akakimbia hivyo hivyo, akawa wa 13.

Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa nyumbani akihesabu vikombe vyake. Yeye, mwaka 2003, alianzisha shirika la amani lenye jina lake, akaandaa mbio ambamo Wapokot, Waturkana na majirani zao, waliokuwa wakiuana kwa ajili ya mifugo, walikimbia pamoja. Kisha akaenda katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, wanakoishi wakimbizi wengi wa Sudan Kusini. Vijana wa kambi walishindanishwa, baadhi yao bila viatu kama yeye zamani. Waliochaguliwa wakapelekwa Ngong, karibu na Nairobi, wakapewa makao, makocha na mazoezi ya kila siku.

Watano kati yao waliingia katika kikosi cha kwanza cha wakimbizi katika Michezo ya Olimpiki, Rio de Janeiro, mwaka 2016. Kikosi kilikuwa na watu 10, na Tegla ndiye aliyekuwa kiongozi wake. Baba Mtakatifu Fransisko aliwaandikia barua ya kuwatia moyo. Wawili kati ya hao 10 walikuwa ndugu zetu Wakongo, Popole Misenga na Yolande Mabika, wenyeji wa upande wa Bukavu, ambao vita viliwatenga na jamaa zao wakiwa bado watoto. Walijifunza judo Kinshasa, na tangu mwaka 2013 waliishi Brazili kama wakimbizi. Popole alishinda pambano lake la kwanza.

Wale watano wa Ngong, hata mmoja hakuvuka mbio za mchujo. Je, bingwa yule alipoteza wakati wake? Tukipima kwa medali, ndiyo. Lakini walioondoka kambini bila kujulikana na yeyote waliingia uwanjani wakiitwa kwa majina yao, dunia nzima ikiwatazama. Na Tegla aliendelea nao: katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, aliongoza tena kikosi cha wakimbizi, nacho kilikuwa na wachezaji 29.

Tunawaandikia haya kwa sababu yanatuhukumu. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa familia iliyokimbia vita alitujia, akiomba kuandikwa katika mafundisho ya kipaimara. Tulimwomba cheti cha ubatizo. Akasema kwamba vitabu vya parokia yao viliungua. Tukamjibu kwa upole, tukidhani tumetenda vema, kwamba atakapokipata cheti arudi. Hakurudi. Nasi tulikuwa tumekwisha kuisoma kanuni ya 876 ya sheria ya Kanisa, isemayo kwamba, pasipo madhara kwa mtu, ushahidi wa mtu mmoja wa kuaminika unatosha kuthibitisha ubatizo. Mama yake alikuwapo kambini, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Hatukwenda kumwuliza. Tulipokwenda hatimaye, jamaa ile ilikuwa imekwisha kuhama.

Katika Matendo ya Mitume, Barnaba alimchukua Saulo mkononi wakati wanafunzi wote walipomwogopa, akampeleka mwenyewe kwa mitume. Hakumwagiza Saulo atafute kwanza mtu wa kumshuhudia. Yeye mwenyewe alikuwa shahidi wake.

Vijana, katika vikundi vyenu mnao waimbaji hodari, wachezaji na wasomaji wazuri. Mnao pia wageni wanaokaa benchi la nyuma, ambao hamjui bado majina yao. Jumapili hii, baada ya Misa, kila mmoja wenu amwendee mmoja wao, amwulize jina lake na mahali anapolala, kisha amsindikize hadi huko. Sisi makatekista tutakuja nyuma yenu na daftari letu, kuandika majina ya mashahidi.

Tumsifu Yesu Kristo.